Mcheza Ngoma Aumiapo, Nani Humtibu?

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo nimeijua tangu nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, lakini maana yake kamili niliipata nikiwa nimeketi kwenye benchi la hospitali, kando ya mpwa wangu aliyekuwa amefungwa plasta mguuni.

Binti huyu wa dada yangu ana umri wa miaka 16 na anasoma katika shule moja ya upili ya bweni. Tangu utotoni, ukimtafuta nyumbani ukamkosa, ulisikiliza tu ngoma inalia wapi. Haikuwa ajabu basi alipochaguliwa kuongoza kundi la shule yao katika mashindano ya muziki. Ngoma yao ilikuwa ya Kikamba, ya aina ile ambayo wachezaji huruka juu, hupinduka hewani na kutua kwa kishindo. Mazoezi yalifanyiwa bwaloni, juu ya sakafu ya saruji, kila jioni baada ya masomo na Jumamosi kutwa.

Katika wiki ya tatu, mguu wake wa kushoto ulianza kuuma sehemu ya mbele, kwenye muundi. Alimweleza mwalimu wake, naye akamwambia kwamba hakuna mchezaji asiyeumwa. Matroni wa bweni alimchua kwa dawa kali na kumfunga kitambaa. Alipokuja nyumbani katika likizo fupi ya katikati ya muhula aliniambia, "Mjomba, mguu huu unaniuma hata nikilala."

Sitakuficha jambo, msomaji. Nilimjibu kwamba avumilie, maadamu siku ya mashindano ilikuwa imekaribia. Siku nne kabla ya siku yenyewe aliruka, akatua, na hakuweza kuinuka.

Daktari alitueleza kwamba mfupa haukuvunjwa na mruko ule mmoja. Ulikuwa umeanza kupata ufa mwembamba kama unywele wiki kadhaa kabla, na kila alipotua kwenye saruji ufa ule uliongezeka. Maumivu ya usiku ndiyo yaliyokuwa kengele. Sote tuliisikia na hakuna aliyeitika.

Plasta ilipotolewa, alitumwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mikono na mazoezi. Mama huyo alimpima nguvu za mguu, akamtazama akitembea, kisha akamwambia, "Haya mwanangu, nionyeshe mnavyocheza. Usiruke. Nionyeshe kwa hatua za polepole." Mpwa wangu akamwonyesha. Yule mama akaanza kuuliza: Mnatua kwa mguu upi? Mnaruka mara ngapi kwa jioni moja? Sakafu ni ya nini? Mnavaa nini miguuni? Unakula nini kabla ya mazoezi? Hedhi yako huja kila mwezi?

Nilipigwa na butwaa. Mwalimu, matroni, hata mimi mjomba wake, hakuna aliyewahi kumwuliza swali hata moja kati ya hayo. Tukiwa katika matatu tukirudi nyumbani, binti aliniuliza, "Mjomba, kumbe kuna watu ambao kazi yao ni kuwatibu wacheza ngoma? Mtu husomea wapi?"

Siku hiyo sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwako pia msomaji uliye na mtoto apendaye kucheza. Maoni yangu ni kwamba nchi yenye ngoma nyingi kama Kenya haina budi kuwa na watu ambao kazi yao ni kuutunza mwili wa mchezaji, na kwamba kijana mwenye kupenda ngoma na sayansi kwa pamoja anaweza kujipatia riziki humo.

Mwanariadha ana wake

Mwanasoka akianguka uwanjani, mtu mwenye mkoba na barafu humkimbilia kabla hata sauti ya kipenga haijanyamaza. Mwanariadha wetu akiumwa na msuli wa paja, habari huchapishwa katika kurasa za michezo na nchi nzima hungoja kujua ni lini atarejea. Mcheza ngoma akiteguka kifundo cha mguu jukwaani, huondolewa haraka, huchuliwa nyuma ya pazia, na mwenzake huingia mahali pake.

Ilhali mwili haujui kama unaruka kwa ajili ya medali au kwa ajili ya ngoma. Mfupa ni ule ule, kano ni ile ile. Mwaka wa 2024 mjini Paris, densi ya breaking ilichezwa katika Michezo ya Olimpiki, na ulimwengu mzima ukakubali kwamba mchezaji densi ni mwanaspoti kama wengine.

Hebu tuzitazame ngoma zetu kwa jicho la tabibu. Morani wa Kimaasai katika adumu huruka wima mara kwa mara bila visigino kugusa ardhi, na mzigo wote huangukia mashavu ya miguu na kano ya kisigino. Chakacha ya Mombasa hukitumikisha kiuno na nyonga kwa muda mrefu. Isukuti ya Waisukha na Waidakho hutikisa mabega na kiwiliwili kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kuvuta pumzi. Mwomboko una kupiga hatua na kukunja magoti tena na tena, na wazee wenye baridi yabisi wanajua magoti huidai nini kesho yake asubuhi. Wanasarakasi wetu, ambao wengi wao huenda kufanya kazi ng'ambo, hubebana mabegani na kutua kwa viganja.

Kila ngoma ina mahali pake pa kuumiza. Mtu aijuaye ngoma anaweza kukisia pa kuchunguza hata kabla mgonjwa hajavua kiatu.

Mwaka wa 2014, shirika la UNESCO liliiweka isukuti katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Ni jambo la kujivunia. Lakini ngoma haikai kabatini kama chungu cha kale. Hukaa katika magoti, mabega na viuno vya watu. Tukisema tunailinda ngoma huku mchezaji wake akichechemea, tunajidanganya.

Tena kuna suala la mkate. Wengi wanaocheza katika hoteli za kitalii, harusini na katika mikutano ya hadhara hulipwa kwa kila onyesho. Asiyecheza hali. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ya mwaka wa 2007 humlinda mwajiriwa, lakini mtu aliyeitwa kwa simu aje acheze usiku mmoja, bila mkataba wowote, atamdai nani? Ndiyo maana wengi hufunga bandeji, humeza dawa ya maumivu, na hurudi jukwaani. Jeraha ambalo lingepona kwa mapumziko ya wiki mbili huwa kilema cha kudumu.

Wenzetu walianzaje?

Huenda ukadhani kwamba jambo hili ni la kale huko ng'ambo. La hasha. Hata wao walikuwa na wachezaji kwa mamia ya miaka kabla ya kuwa na matabibu wao.

Chukua mfano wa mji wa New York, Marekani. Katika miaka ya 1920 Mjerumani mmoja, Joseph Pilates, alifungua huko chumba cha mazoezi aliyoyabuni mwenyewe ya kuimarisha misuli ya tumbo, mgongo na nyonga. Wacheza densi waliokuwa wameumia walianza kumwendea. Leo mazoezi yenye jina lake yanafundishwa duniani kote, na walimu wake wanalipwa. Mwaka wa 1972 daktari wa mifupa William Hamilton alianza kuwatibu wachezaji wa kundi la New York City Ballet, na akawa miongoni mwa madaktari wa kwanza kuyafanya majeraha ya wachezaji kuwa taaluma. Mwaka wa 1989 kituo cha Harkness kilifunguliwa mjini humo kikiwa na shughuli moja, nayo ni majeraha ya wacheza densi. Mwaka uliofuata, 1990, kukaundwa chama cha kimataifa cha tiba na sayansi ya densi, ambacho huwakutanisha madaktari, wataalamu wa fiziotherapia, walimu na wachezaji wenyewe.

Nchini Uingereza, taasisi ya kitaifa ya tiba na sayansi ya densi ilianzishwa mwaka wa 2012. Chuo cha Trinity Laban, London, kimekuwa kikitoa shahada ya uzamili katika sayansi ya densi.

Ninayataja haya si kwa sababu ya kuwaonea wenzetu gere. Nayataja kwa sababu yanaonyesha jinsi kazi inavyozaliwa. Hapakuwa na serikali iliyoamka siku moja na kutangaza nafasi za matabibu wa densi. Mtu mwenye ujuzi wa tiba aliingia katika chumba cha mazoezi, akakaa, akatazama, akauliza maswali. Baada ya muda wachezaji wakaona hawawezi kufanya kazi bila yeye.

Na walipoanza kutazama waligundua jambo muhimu. Majeraha mengi ya wachezaji hayatokani na ajali ya ghafla. Hutokana na kukitumia kiungo kimoja kupita kiasi, siku baada ya siku, bila mapumziko ya kutosha. Katika ballet, ambayo ndiyo iliyochunguzwa zaidi, sehemu kubwa ya majeraha huwa kutoka nyonga kwenda chini, hasa kwenye kifundo na wayo. Maana yake ni kwamba mengi yanaweza kuonekana yakija. Ufa huonekana kabla ya ukuta kuanguka.

Mababu hawakuwa na daktari wa ngoma

Najua hoja itakayoletwa. Mababu zetu walicheza, na hawakuwa na mtaalamu wa viungo. Kwa nini sisi?

Jibu ni kwamba hatuchezi kama wao. Wao walicheza juu ya udongo. Watoto wetu wanacheza juu ya saruji na vigae, ambavyo havinyumbuki hata chembe. Kumbi zilizojengwa kwa ajili ya densi huwekwa sakafu ya mbao yenye nafasi chini yake ili ipokee sehemu ya kishindo. Mababu walianza kucheza wakiwa wadogo na wakakua na ngoma hiyo hiyo. Mwanafunzi wa leo anaweza kufundishwa katika wiki sita ngoma ya jamii ambayo hajawahi kuiona. Zamani ngoma ilikuwa na msimu wake, wa mavuno, jando au harusi. Leo kuna mashindano ya kaunti ndogo, kaunti, eneo na taifa, na kati ya moja na jingine mazoezi huongezwa badala ya kupunguzwa.

Isitoshe, mababu walikuwa na wakandaji wao na waunga mifupa wao. Hawakumwacha mchezaji hivi hivi.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Hospitali zetu zina wagonjwa wa kiharusi, watoto wenye matatizo ya ubongo, na majeruhi wa bodaboda wasiohesabika, na wote hao wanahitaji fiziotherapia. Je, ni haki kuzungumzia wacheza ngoma?

Nakubali kwamba mgonjwa wa kiharusi hawezi kuachwa kitandani kwa ajili ya densi. Lakini sipendekezi kila shule iajiri mtaalamu wake. Napendekeza kwamba miongoni mwa wale tunaowafunza, wawepo wanaojua ngoma, na kwamba kinga, ambayo haina gharama kubwa, ianze shuleni. Kila mfupa usiovunjika ni kitanda kimoja kinachobaki wazi kwa mgonjwa mwingine.

Kazi zenyewe ni zipi?

Sasa namrudia mpwa wangu na swali lake la ndani ya matatu.

Mlango mkuu ni fiziotherapia. Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu, KMTC, hutoa stashahada, na vyuo vikuu kama JKUAT na Moi hutoa shahada. Biolojia na kemia ndizo nguzo, na anayezichukia asijidanganye. Mtu akihitimu hana budi kusajiliwa na baraza la taaluma hiyo, lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2014. Msomaji, ukimpeleka mtoto kwa mtu anayejiita mtaalamu wa viungo, una haki ya kumwomba cheti chake cha usajili. Wako wengi mitaani wenye mafuta, mikono na maneno matamu tu.

Mlango wa pili ni udaktari wa mifupa. Huu ni mrefu: kwanza shahada ya udaktari, kisha mwaka wa kufanya kazi chini ya wakubwa hospitalini, halafu miaka mingine ya kusomea upasuaji wa mifupa. Ila wachezaji wengi wanaoumia hawahitaji kisu. Wanahitaji mtu wa kuwaongoza kurudi taratibu.

Mlango wa tatu ni sayansi ya michezo na mazoezi, inayofunzwa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta na kwingineko. Mhitimu wake si tabibu, lakini ndiye awezaye kupanga mazoezi ya kundi: lini waruke, lini wapumzike, ni misuli gani iimarishwe kabla ya msimu.

Mlango wa nne ni lishe, taaluma ambayo nayo ina sheria yake tangu mwaka wa 2007. Huu hudharauliwa, na ni makosa. Msichana anayecheza saa tatu kwa siku huku akijinyima chakula ili awe mwembamba, au kwa sababu chakula cha shule hakitoshi, huupunguzia mwili nguvu ya kujitengeneza. Hedhi inaweza kukoma, na mifupa ikadhoofika. Mwaka wa 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa taarifa kuhusu hatari hii, ikionya kwamba hata wanaume huipata. Msichana akikosa hedhi kwa miezi mitatu mfululizo, hilo ni jambo la kumwona daktari. Si la kushangilia kwamba amepungua uzani.

Mlango wa tano uko wazi kwa wachezaji wenyewe. Mchezaji hustaafu mapema, na wengi huondoka na umaarufu usiolipa kodi ya nyumba. Mtu aliyecheza miaka 15 anajua mambo ambayo daktari hatayapata kitabuni. Akipata mafunzo ya jinsi mwili unavyofanya kazi, ya huduma ya kwanza na ya kupanga mazoezi, atakuwa mwalimu ambaye kila kundi litamtaka.

Na uko mlango ambao haujaguswa sana, ule wa utafiti. Vitabu vimejaa vifundo vya miguu vya wacheza ballet. Kijana wa Kakamega atakayekaa na wacheza isukuti akihesabu nani huumia, wapi na kwa nini, atakuwa na la kuwafundisha walimwengu.

Je, kuna pesa? Niseme ukweli. Usitarajie kufungua gazeti hili kesho ukute tangazo la kazi ya mtaalamu wa wacheza ngoma. Anayeanza atawatibu kwanza wazee wenye maumivu ya mgongo na majeruhi wa barabarani, na hao ndio watakaomlipia kodi ya kliniki. Kisha atenge alasiri moja kwa wiki kwa ajili ya wachezaji. Atembelee vikundi vya vijana, shule na makanisa yenye wacheza nyimbo. Mwenye mkahawa haanzi na meza 50. Pia, ujuzi wa kumtibu anayeruka ngomani ni ule ule unaomfaa mwanavoliboli na mkimbiaji, kwa hivyo hautapotea bure.

Kinga huanza kwa mwalimu

Hata hivyo, tabibu bora kuliko wote kwa mcheza ngoma ni yule anayemwona kila siku, naye ni mwalimu wake. Hapa ndipo ninapotaka kusisitiza, kwa maana hata tukifunza wataalamu mia moja kesho, hawatakuwapo bwaloni saa kumi na moja jioni.

Ushahidi kwamba kinga inafaa upo. Shirikisho la kandanda duniani, FIFA, lilisaidia kubuni mpango wa mazoezi ya kupasha mwili moto wa takriban dakika 20, usiohitaji kifaa chochote zaidi ya mpira. Ulipojaribiwa nchini Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 katika vilabu 125, na matokeo yake kuchapishwa mwaka wa 2008, majeraha kwa jumla yalipungua kwa karibu thuluthi moja katika vilabu vilivyoutumia. Kandanda si ngoma, lakini goti ni goti. Kukimbia polepole, kusimama kwa mguu mmoja, kuinuka kwa ncha za vidole, kuruka na kutua kwa upole magoti yakiwa yamekunjwa: hayo yote mwalimu yeyote anaweza kuyaongoza.

Mwalimu huyo ajue pia kwamba mazoezi huongezwa kidogo kidogo, na kwamba mwili hujijenga wakati wa kupumzika. Kundi linaloanza kuruka mara 20 kwa siku lisirukishwe mara 100 wiki inayofuata. Panapowezekana, miruko ifanyiwe kwenye nyasi au udongo uliosawazishwa, na saruji ibaki kwa hatua za kawaida. Siku moja kwa wiki iwe ya kupumzika kabisa.

Ajue tena kutofautisha maumivu. Uchovu wa misuli huenea pande zote mbili, na hupungua baada ya siku mbili tatu. Maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa, unapopabonyeza kwa kidole mtoto akaruka, yanayozidi kila siku na kumfuata kitandani, hayo si uvivu. Mtoto huyo asiruke tena mpaka apimwe. Na mzazi ajue kwamba picha ya eksirei inaweza isionyeshe chochote katika wiki za mwanzo, ilhali ufa upo. Maumivu yakiendelea, rudi hospitalini.

Kifundo cha mguu kikiteguka, haraka yetu ni kukichua. Tuache. Siku mbili tatu za mwanzo si za kukanda wala maji ya moto. Mguu upumzishwe, ufungwe bandeji isiyobana mno, uinuliwe juu ya mto, na barafu iliyofungwa kwa kitambaa iwekwe kwa dakika chache kupunguza maumivu. Madaktari wana kipimo chepesi: ikiwa aliyeumia hawezi kupiga hatua nne, au anaumwa sana mfupa wa kifundo ukibonyezwa kwa nyuma, apelekwe akapigwe eksirei. Na kabla ya kurudi ngomani aweze kusimama, kuinuka kwa vidole na kuruka kwa mguu ule kama afanyavyo kwa mwenzake. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Wito wangu

Mashindano ya muziki ya Kenya yalianza mwaka wa 1927. Katika miaka yote hii tumekuwa na majaji wa sauti, wa mavazi na wa hatua. Ninaiomba Wizara ya Elimu iongeze jambo moja dogo: kila mwalimu anayeandaa kundi la ngoma apewe mafunzo ya siku moja kuhusu majeraha, na katika kila ngazi ya mashindano awepo mtaalamu wa viungo kando ya jukwaa, kama awepo kando ya uwanja. Vyuo vyetu navyo viwatume wanafunzi wao wa fiziotherapia huko wakajifunze. Wanafunzi hao watapata ujuzi, na wachezaji watapata msaada.

Kwa wazazi, mtoto akisema anaumwa, usimjibu kama nilivyojibu mimi. Na akisema anapenda ngoma na pia anapenda biolojia, usimwambie achague moja. Chini ya mtaala mpya, wanafunzi wa shule ya upili ya juu hugawanywa katika njia tatu, na moja ni ya sanaa na sayansi ya michezo. Mwulize mwalimu mapema ni masomo gani yatamfikisha kwenye tiba ya viungo, asije akajikuta mlango umefungwa kwa kukosa kemia.

Mpwa wangu anatembea bila magongo sasa. Bado hajaruhusiwa kuruka. Kundi lao lilikwenda mashindanoni bila yeye, naye alilia siku nzima. Kila jioni huinuka kwa ncha za vidole akishika ukingo wa meza, akihesabu kwa sauti, na akimaliza hufungua kitabu cha biolojia kwenye sura ya mifupa. Amejiandikia daftarini maswali yale ya yule mama, yote, kwa mpangilio wake. Anasema akirudi shuleni atamwomba mwalimu ruhusa awaulize wenzake.

Nimemwambia asiombe ruhusa. Nitakwenda naye mimi.